Pengo la Kaseti ya Saba

Binti yangu amenitilia kwenye simu gemu za zamani, maelfu kwa maelfu, zile zile tulizokuwa tukizigombania utotoni mpaka kutoana kucha. Alidhani atanifurahisha. Nimekaa nazo wiki nzima hapa barazani Mtambile, madaftari ya wanafunzi wangu yakinisubiri, na sioni haya kusema kwamba nyingi ni mbaya. Magari yanakwenda kwenye barabara isiyopinda. Wapiganaji wawili wanarushiana mateke hewani, hawagusani, halafu mmoja anaanguka. Zilikuwa mbaya tangu hapo. Sisi tu hatukuwa na cha kuzilinganisha nacho.

Mchezo mmoja ninaoutafuta haumo. Jina lake silijui, sikulijua hata siku moja, kwa sababu karatasi iliyobandikwa juu ya kaseti yake ilikuwa na maandishi ya Kichina, au ya Kijapani, nani wa kututofautishia? Sisi tuliuita Mnara. Nimeandika "mnara" kwenye simu, ikaniletea minara ya mitandao ya simu. Nimeandika "watu wawili wanapanda juu", ikaniletea Wazungu wamejifunga kamba mlimani. Kaseti yenyewe nilikaa nayo zaidi ya miaka ishirini, na niliipata kwa uongo. Sasa haiko kwangu tena. Huo uongo ndio ninaotaka kuusema, kwa sababu mwaka jana nilimwambia Baba, naye akanijibu neno ambalo mpaka leo halinitoki.

Nyumba zetu zilikuwa mbili, zikitazamana, barabara ya kwenda Mkoani katikati. Huku kwetu akikaa Baba, karani wa serikali, mtu wa kalamu mfukoni na maneno machache. Kule akikaa Ami, kaka yake Baba, seremala, mwenye sauti ya kusikika mpaka msikitini. Bibi, mama yao, alikuwa akilala kwa Ami, lakini miguu yake ilikuwa ya nyumba zote mbili. Asubuhi utamkuta kwetu anakuna nazi, adhuhuri yuko kwao anagombeza kuku. Na kila nyumba ilikuwa na msichana mmoja: mimi huku, na binti ami yangu kule. Tulizaliwa mwezi mmoja, tukaanza chuo cha Kurani siku moja, na mwalimu akimchapa mmoja mwengine ndiye anayelia.

Gemu ilitoka kwa shangazi yetu aliyeolewa Maskati. Alituma sanduku lenye sabuni, vitambaa na tende, na ndani kabisa, limezongwa taulo, mlikuwa na boksi lenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka meno yote nje. Tukatoa chombo cheupe cha plastiki, pedi mbili za kubonyezea, na kaseti saba. Tuliziita pedi, na kicheko chake tukakijua tulipokua. Shangazi hakuandika ni za mtoto wa nani. Aliandika tu: za watoto.

Kutwa nzima tuligombana. Tulivutana waya mpaka ukataka kukatika, mimi nikasema baba yangu ndiye anayejua kusoma Kiingereza cha kwenye boksi, mwenzangu akasema baba yake ndiye mkubwa. Bibi alitusikiliza mpaka alipochoka, akajifuta mikono kwa kanga, akatoa hukumu.

"Chombo kikae huku. Kaseti zikae kule."

Baba akacheka. "Mama, sasa hii si itakuwa kama shamba?"

"Na iwe kama shamba. Nyiye shamba mmeligombania?"

Kwa asiyejua mambo yetu: Pemba mtu huweza kuwa na mikarafuu yake juu ya ardhi ya mtu mwengine. Ardhi mbali, miti mbali. Shamba lililotoka kwa Babu lilikuwa hivyo, ardhi ya Baba, mikarafuu ya Ami, na ndugu hao wawili hawakuweza kufanya jambo pale bila ya kuulizana. Ami hachumi bila ya kukanyaga kwa Baba. Baba halimi muhogo bila ya kupita chini ya miti ya Ami. Watu wa nje wakisikia hushangaa, husema huko ni kutafutiana ugomvi. Bibi aliona kinyume chake. Chombo bila ya kaseti ni plastiki tu, na kaseti bila ya chombo ni plastiki vilevile, kwa hiyo watoto wa nyumba mbili watabishiana hodi kila siku, watake wasitake.

Ami akatengeneza kisanduku cha mbao za mfenesi, chenye vyumba saba vya kusimamisha kaseti, na kifuniko cha kusukuma. Alikipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Kila kaseti na chumba chake, alisema Bibi, kama wake wa mtu mwenye adabu. Na sharti lilikuwa moja: kaseti hazilali kwetu. Kila alasiri tukitoka chuoni binti ami yangu alivuka barabara na kisanduku kichwani, na kila jua likikaribia kuzama alivuka nacho kurudi. Bibi mwenyewe alikuwa akikifungua na kuhesabu kwa kidole, moja mpaka saba, midomo ikicheza kama anavuta uradi.

Sasa kaseti zenyewe. Moja ilijitapa juu yake kwamba ina michezo elfu tisa na kitu, na sisi tukaamini, tukasema tutazeeka hatujaimaliza. Ilikuwa na michezo mitano. Iliyobaki ni hiyo hiyo mitano iliyopewa majina mengine, ukibahatika unakuta ndege imegeuzwa rangi. Ilituchukua mwezi mzima kukubali kwamba tumedanganywa, na hata tulipokubali tuliendelea kushuka chini kwenye orodha, ukurasa baada ya ukurasa, labda huko mbele kuna kitu. Kulikuwa na mpira wa miguu ambao wachezaji hawakuwa na nyuso na mpira ulikuwa wa pembe nne. Kulikuwa na mmoja wa mtu anayekimbia porini, dubu akitokea chombo kinaganda, basi. Hatujapata kujua baada ya dubu kuna nini. Mwengine ulitoka bila ya rangi kwenye televisheni yetu, mweusi na mweupe, na Bibi akaamua kwamba huo ni wa zamani zaidi, wa wakati wa mkoloni. Nyengine hata sizikumbuki vyema.

Na Mnara. Mnara ulikuwa mzuri. Nasema hivi nikiwa mtu mzima niliyekwishaona mengi, si mapenzi ya utotoni. Watu wawili wadogo wanapanda mnara, ghorofa kwa ghorofa, na hakuna mlango unaopitika na mtu mmoja. Huyu anasimama juu ya jiwe, mlango unafunguka. Yule anapita, anakwenda kuvuta kamba upande wa pili, na huyu anapandishwa. Mmoja akiachwa nyuma, wote mmesimama. Haukuwa na kuuana wala kupigana. Tulikuwa tukisema "nishikie", "nakushikia", "usiondoke", "siondoki", mpaka Mama akauliza huko ndani mnacheza au mnaposana.

Umeme tuliletewa kutoka mitambo ya Wesha, na Wesha ilikuwa na hiari yake. Ukikatika, kila kitu kinaanza upya, ghorofa ya kwanza. Mnara haukuwa na namna ya kuweka ulipofika. Ndiyo maana hatukuumaliza. Tulikuwa tukifika ghorofa ya tisa, ya kumi, taa inafifia, tunapiga kelele, na Baba kule barazani anasema "Haya, wameshakufa," anageuza ukurasa wa kitabu chake.

Kisha vikaja vyama vingi.

Sina haja ya kueleza mengi, aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo ameshasimuliwa. Bendera zikapanda juu ya minazi. Watu waliokuwa wakigombania nani amlipie mwenzake kahawa wakawa wanachagua kahawa ya kunywa kwa kuangalia muuzaji ni wa upande gani. Mtambile yetu ilikuwa karibu yote upande mmoja, na Ami alikuwa mbele. Baba hakuwa na upande wa kuusema. Alikuwa na kazi ya serikali. Siku moja kabla ya uchaguzi akapewa fulana ya chama tawala, akaivaa, akapandishwa nyuma ya gari pamoja na wenziwe na kupitishwa barabarani, mbele ya nyumba yake na mbele ya nyumba ya kaka yake. Nilimuona. Alikuwa akitazama chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Alasiri hiyo hiyo sisi wawili tulikuwa ndani, ghorofa ya kumi na moja, hatujawahi kufika pale. Mara tukasikia Ami anaita kutoka ng'ambo. Hakuwahi kumuita binti yake namna ile. Mwenzangu akabonyeza kisimamisho, wale watu wadogo wawili wakasimama, mmoja juu ya jiwe na mmoja mlangoni.

"Usizime," akaniambia. "Naja sasa hivi."

Akabeba kisanduku na kaseti sita, akakimbia. Hakuja. Nilikaa mbele ya ile picha iliyoganda mpaka macho yakauma, na kabla ya magharibi umeme ukakatika.

Kuanzia siku hiyo tulisusiwa. Hilo ni neno dogo kwa jambo lile. Duka la jirani likawa halina sukari tukienda sisi. Vitumbua vyake Mama alirudi navyo ndani ya beseni. Arusi hatualikwi, na kwenye maziko ya mtu wa mtaa Baba alikwenda akasimama nyuma, na safu iliyokuwa mbele yake ikasogea mbele zaidi. Salamu zilijibiwa kwa sababu kujibu ni faradhi, lakini zilijibiwa chini chini, tumboni. Ami na Baba wakawa wanatoka kwenda msikitini kwa nyakati mbili, mmoja mapema na mmoja akichelewa, ili wasikutane barabarani. Bibi peke yake ndiye aliyevuka, asubuhi kuja, adhuhuri kurudi, na wala hakusema kitu. Nilidhani amezeeka.

Msimu wa karafuu ulipofika Ami hakuenda shamba. Ili achume lazima akanyage ardhi ya Baba, na hakuikanyaga. Karafuu zikapevuka juu ya miti, zikadondoka. Baba, akitoka kazini, alikuwa akienda kuziokota peke yake, akazileta na kuzianika barazani kwetu juu ya jamvi, akazitia gunia. Akamuomba Bibi azichukue akampe mwenyewe. Bibi akakataa.

"Mwenye miti ana miguu," alisema.

Na mimi nilikuwa na kaseti. Mama aliniambia wiki ile ile ya kwanza: hiyo kaseti ya watu irejeshe. Nikamwambia nimesharejesha. Niliificha ndani ya sanduku la nguo zangu za sikukuu, na alasiri, Mama akiwa jikoni, nikaitoa, nikazima sauti ya televisheni, nikacheza. Huwezi kuucheza Mnara peke yako, nimekwishasema. Nikashika pedi moja mkononi na nyengine nikaiweka sakafuni nikaibonyeza kwa dole gumba la mguu. Nilifika ghorofa ya pili. Mara moja ya tatu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, sina wa kucheza naye mtaa mzima, na wale watu wawili wadogo ndio waliokuwa wenzangu. Sijitetei, nasema ilivyokuwa.

Ulipita mwaka na kitu. Siku hiyo Baba alikuwa barazani anachambua vikonyo, jamvi limejaa karafuu, msimu mwengine tena wa kuokota. Mimi niko ndani, nyuma ya pazia, pedi mkononi na pedi mguuni. Nikasikia:

"Hodi."

Ami. Maishani mwangu sijamsikia Ami akibisha hodi kwetu. Alikuwa akikohoa tu na kuingia.

"Karibu," akasema Baba, na sauti yake ikavunjika katikati.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu ssalamu. Karibu ukae."

"Sikai. Kuna kaseti moja ya watoto, haimo sandukuni. Mwanangu asema imo humu kwenu. N'mekuja kuitaka."

Baba akaniita. Nikatoka, nikasimama baina yao. Nyuma yangu, hatua tano, televisheni ilikuwa inawaka na kaseti imo chomboni, watu wawili wamesimama ghorofa ya pili.

"Kaseti ya ami yako i wapi?" akauliza Baba.

Nikajua nikisema imo, ataichukua. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Ataichukua, na kesho sitakuwa na kitu.

"Haimo," nikasema. "Kachukua zote mwenyewe."

"Zote?" akauliza Ami.

"Zote, Ami."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika gatini akaambiwa meli imeshang'oa. Akamtazama Baba, Baba akatazama jamvi. Ami akainama, akaokota karafuu moja, akaivunja kwa kucha.

"Zakauka vyema," alisema.

"Zako hizo," akasema Baba.

Ami akaitia ile karafuu mfukoni, ile moja tu, akaondoka. Mama akatokea na sinia ya kahawa, vikombe viwili, akakuta mgeni hayupo. Tangu siku hiyo kila alasiri Mama alimpelekea Baba vikombe viwili barazani. Nilidhani cha pili ni chake, ingawa Mama hanywi kahawa.

Kesho yake skuli binti ami yangu alinijia uwanjani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Umenifanya muongo kwa babangu," akaniambia. Akahama dawati, na mpaka wanaondoka hakunisemesha tena.

Waliondoka baada ya uchaguzi wa pili, miezi ya vurugu, wakati watu wengi walipovuka kwenda Kenya kwa mashua za uvuvi. Asubuhi moja tuliamka mlango wa Ami umepigwa kufuli la nje na kuku wanazurura. Bibi hakukubali kuvuka bahari. Akahamia kwetu na furushi la nguo, akakaa barazani akiitazama ile nyumba. Ami alifia Mombasa, ugonjwa wa moyo. Tuliambiwa akiwa ameshazikwa siku nane.

Baba akasoma hitima. Aliita mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yake. Tukatandika mikeka kutoka ukumbini mpaka nje. Akaja mwalimu wa chuo na wanafunzi wanne, kwa sababu Kurani haina chama, na wazee wawili viziwi ambao sidhani kama walijua ni hitima ya nani. Pilau ikabaki sufuria zima. Baba alisimama mlangoni na chetezo mkononi akiitazama barabara, na hata ubani ulipokwisha hakukiweka chini. Bibi hakumaliza mwaka.

Miaka ikapita, wakubwa wakapatana, wakapigwa picha wameshikana mikono, na watu wa mtaa wakaanza tena kuamkiana kana kwamba walikuwa safarini. Duka likawa na sukari. Mimi nikasoma, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa Baba kumtunza baada ya Mama kufariki. Lile gunia la karafuu liko darini mpaka leo, nyeusi, hazinuki kitu.

Mwaka juzi binti ami yangu alirudi. Mjane, ana wanawe wawili wakubwa, akafungua nyumba ya baba yake, akafagia popo. Wiki ya pili akavuka barabara. Tulikumbatiana, tukalia, lakini tulilia kama watu wawili msibani, kila mmoja na kilio chake. Alikuja na kile kisanduku cha mfenesi. Walivuka nacho bahari, aliniambia; Ami aliacha misumeno yake akabeba hicho. Akasukuma kifuniko. Kaseti sita na pengo.

"Bibi alikuwa akikitoa kila siku," akanisimulia. "Akikipangusa mbele ya babangu, asema, hili pengo lifanywe vipi? Kila siku. Mwaka mzima. Mpaka siku ile babangu akavaa kanzu ya Ijumaa. Kaseti ya kuchezea watoto, bwana, avaa kanzu ya Ijumaa! Bibi alikuwa dirishani pale, atazama kama atakaribishwa kukaa."

Kisha akacheka kidogo, akaniuliza, "Ile yetu haijaonekana?"

Nikasema bado. Ilikuwa chumba cha pili, ndani ya sanduku langu lile lile la nguo.

Akawa anakuja. Kila baada ya siku mbili tatu, alasiri, anakaa barazani na Baba, anamsomea magazeti maana macho yake yameshapungua nguvu, na akiondoka lazima aulize, nusu mzaha: ile yetu haijaonekana? Na mimi nasema bado. Baba alikuwa akimsubiri. Alijifunza mlio wa makubadhi yake, akimsikia anavuka ananyoosha kofia.

Lakini mimi sikuweza kuendelea. Kila akiuliza ilikuwa kama nasema uongo ule ule mbele ya Ami upya. Siku moja mwaka jana nikaitoa kaseti, nikaenda nayo kwa Baba barazani, nikaiweka mkononi mwake, nikamwambia yote. Kwamba ilikuwemo. Kwamba nilidanganya. Kwamba Ami alikuja kutafuta njia ya kurudi kwa nduguye na mimi, kwa ajili ya mchezo nisioweza hata kuucheza, nikamfungia.

Baba akaipapasa ile plastiki, pembe kwa pembe.

"N'lijua imo," akasema.

Sikumuelewa.

"N'kikusikia kila siku. Vidude vyako hivyo vyalia ta-ta-ta hata ukizima sauti. Siku ile vilikuwa vyalia mpaka n'lipokuita."

"Sasa mbona hukusema, Baba?"

Aliigeuza kaseti, akaipapasa tena. Nilidhani amesahau swali, siku hizi husahau.

"N'liwaza, akipewa leo, kesho atakuja kufata n'ni? N'kasema niache, atarudi tena kuiuliza. Mara ya pili atakaa." Akanirudishia kaseti. "N'kamwambia mamako awe atia vikombe viwili."

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu, nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, wapita njia wananiona. Baba hakunibembeleza. Alikuwa ametazama ng'ambo.

Jioni ile nilivuka barabara, nikabisha hodi. Nilimwambia binti ami yangu ukweli wote, wangu na wa Baba, kwa sababu nilichoshwa na kuficha. Alinisikiliza amesimama. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alileta kisanduku, akachukua kaseti mkononi mwangu, akaisukuma ndani ya chumba chake cha saba. Iliingia bila ya kukwama, Ami alipima vyema.

"Ahsante," akasema, akarudisha kifuniko.

Hilo lilikuwa kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Tukikutana barabarani tunaamkiana vizuri, tunaulizana watoto. Kwetu hajaja tena. Baba kila alasiri hunyoosha kofia na kuniuliza kama yule mwana wa kaka yake ameshapita, nami namwambia bado, nikamletea kahawa, vikombe viwili.